Jembe la Siku ya Tatu

Walifunga mlango wa karakana jua likiwa linazama. Ndani walikuwa watatu: mwanangu, mkwe wangu, na kinyozi wa nyumba ya pili, ambaye wote wawili walikubali awe shahidi. Mimi nilibaki jikoni. Kati ya jikoni na karakana kuna ua tu, na mlango ule wa bati haugusi sakafu, kwa hiyo niliona mwanga wa taa ukitokea chini, na vivuli vya miguu vikipita. Maneno sikuyasikia. Kulikuwa na friji ya mteja iliyoletwa mchana, imeachwa ikinguruma kama mzee mwenye kifua, na ngurumo ile ilimeza kila kitu.

Kilichokuwa kinazungumzwa nilikijua. Ni nani atabaki na karakana na nani atatoka.

Binti yangu alikuwa chumbani na mtoto wake kifuani, anasubiri habari hiyohiyo. Aliye mle ndani na mwanangu ni mume wake. Kila nilipopita mlangoni kwake aliniuliza, "Wametoka?"

"Bado."

"Umesikia nini?"

"Nimesikia friji."

Hakucheka. Nami sikuwa nimesema ili acheke. Tulikuwa wanawake wawili tunautazama mlango mmoja, na habari ambayo ingemfurahisha mmoja ingemliza mwenzake. Mimi ingeniliza vyovyote vile, maana wote ni wa tumbo langu. Nilichemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Mwanangu ndiye kifungua mimba wangu, na tangu utotoni alikuwa mtu wa pembeni. Watoto wenzake wakigombea mpira, yeye anasimama kwenye kona anawatazama. Tukiweka chakula mezani, anamwacha dada yake achague kwanza, achote, ajaze. Yeye anakula taratibu. Mwisho dada sahani yake nyeupe, kaka bado ana chakula, na dada anaanza kubembeleza, "Kaka, nionjeshe." Anamwonjesha. Sikujua kama ule ulikuwa ukarimu au hesabu. Mpaka leo sijui.

Baba yao alikuwa dereva wa malori, akatangulia mbele ya haki watoto wakiwa bado wanavaa sare. Kijana aliacha shule akaenda kwa fundi wa friji, akafagia, akashika tochi, akatumwa sigara, mpaka akaaminiwa kushika spana. Aliporudi nyumbani alikuwa na kisanduku chake cha vifaa na swali moja.

"Mama, hii sebule tunaikalia sisi au vinaikalia viti?"

"Vinaikalia viti."

"Basi viti vihamie chumbani kwako."

Nilicheka, nikampa sebule. Alibomoa dirisha la barabarani akaweka mlango mpana, na mwingine wa bati upande wa ua, na ile ikawa karakana. Watu walimpenda kwa sababu hakuwa na maneno. Alikuwa akiweka kiganja nyuma ya friji kama anavyopimwa mtoto homa, anatulia, kisha anasema, "Njoo kesho." Ukija kesho, inagandisha.

Sataranji, ambayo vijana wanaiita chesi, alijifunzia kwa kinyozi. Kinyozi yule alikuwa na ubao wa plaiwudi alioupaka rangi mwenyewe, aliouweka ili wateja wasichoke kusubiri zamu. Lakini ubao ukaharibu biashara, maana watu walikuwa wakija kunyolewa wanarudi makwao na nywele zao. Kete moja nyeusi, askofu, ilikuwa imepotea, mwanangu akakata nyingine kwa bomba la shaba la friji. Jioni nilikuwa nakaa kwenye ngazi za kinyozi nikichambua mboga, nawatazama. Mimi niliishia darasa la nne, lakini macho hayana darasa. Ukitazama kitu kimoja kila jioni, kinakuzoea hata kama hujakielewa.

Mwanangu alipenda kete nyeusi. Wengine wote walipenda nyeupe, maana mweupe ndiye anayeanza, na karibu wote walianza vilevile: askari aliye mbele ya malkia anasukumwa hatua mbili, pu, katikati ya ubao. Pale katikati ndipo kila mtu anapataka. Kinyozi aliniambia, "Dada, mwenye kati ndiye mwenye nyumba." Na mimi nikashangaa, mbona mwanangu hapiganii kati? Mweupe anasukuma askari wake, mwanangu anatoa farasi tu, polepole, pembeni. Mweupe anaongeza askari wa pili ubavuni mwa yule wa kwanza, sasa wamekaa wawili kama wenye mji, mwanangu anasogeza kiaskari kimoja hatua ndogo upande wa mfalme wake, kama mtu anayefungua dirisha la uani. Roho yangu ikawa inauma. Nikasema, wanamwingilia na yeye anafungua madirisha.

Kinyozi ndiye aliyenieleza. "Hujui mgeni siku mbili?"

"Siku ya tatu mpe jembe."

"Basi ndiyo hiyo. Zamu ya kwanza anamkaribisha. Zamu ya pili anamkaribisha. Tazama zamu ya tatu."

Nikatazama. Zamu ya tatu mwanangu alimchukua askari wa malkia wake mweusi akamweka palepale katikati, uso kwa uso na wale weupe, kimya, kama mtu anayemwegeshea mgeni jembe mlangoni. Wakaanza kulana. Askari huyu akaliwa, farasi akamlipiza, farasi akafukuzwa, wakabadilishana farasi. Vumbi lilipotua, mweupe bado alikuwa na ukuta mkubwa katikati, mkubwa kuliko mwanzo, na mimi nikafikiri mwanangu amekwisha. Ndipo yule askofu wa shaba akakaa kwenye lile dirisha la kona, na kutoka pale anaona mstari wote wa mshazari mpaka upande wa pili wa ubao.

"Sasa mgeni ana nyumba kubwa," kinyozi akasema, "na kila siku lazima ashinde kutwa akiiziba. Hapa panavuja, pale panavuja. Jembe haliui mtu, dada. Linamfanya afanye kazi."

Mtaani mtindo ule ukaitwa Mpe Jembe. Mtu akikaa na nyeupe wenzake walimtania, "Haya, mgeni, umekuja na jembe lako au upewe?" Mwanangu alikuwa anatabasamu bila kuonyesha meno. Nadhani zile ndizo jioni alizokuwa na furaha zaidi maishani mwake, na mimi nilikuwepo.

Kisha binti yangu akaolewa, na mume akaja na mdomo wake.

Simsemi vibaya mkwe wangu. Ni mtu wa watu. Akiingia mahali, kuku nao wanageuka kumtazama. Kazi yake ilikuwa kutengeneza redio na simu kwenye kibanda cha barabara kuu, barabara ikapanuliwa, kibanda kikavunjwa. Akaja na mkoba wake akasimama mlangoni mwa karakana.

"Shemeji, naomba kona. Wiki mbili tu, nikitafuta mahali."

"Karibu," mwanangu akasema.

Akapewa kona. Baada ya muda kona ikawa na giza, akasogea penye mwanga. Penye mwanga palikuwa finyu, akasogeza meza ya mwanangu. Wateja wa simu ni wengi kuliko wa friji, wakiingia wanamkuta yeye, wanamsalimu yeye, hata wa friji wakawa wanamweleza yeye. Aliwajibu vizuri. Akaanza kupokea friji kwa niaba. Akaandika kibao kipya cha barabarani, jina lake juu, maneno ya friji chini. Vijana wakaanza kumwita Bosi, na yeye alipinga mara moja tu. Mwisho meza yake ilikuwa katikati kabisa ya karakana, na mwanangu alikuwa kwenye kona ya nyuma, karibu na mlango wa ua, ameinama kwenye mabomba yake.

Jioni walicheza. Mkwe alichagua nyeupe kila mara, na askari wa malkia alimgonga mezani kama anayepiga mhuri. "Kati ni yangu, shemeji. Hamia pembeni ulikozoea." Na mwanangu alimpa jembe zamu ya tatu, na karibu kila jioni alimshinda. Mkwe alikuwa anacheka kwa nguvu kuliko watazamaji. "Nimepigwa na mtu wa dirishani," anasema, anampa mkono, wanarudi nyumbani pamoja. Mimi ndiye niliyeshindwa kulala.

Siku moja nilimfuata mwanangu kule kwenye kona yake, mkwe akiwa ametoka.

"Mwanangu, kwenye ubao mgeni unampa jembe siku ya tatu. Humu ndani mgeni anaingia mwaka wa tatu."

Akafuta mikono. "Bado anajenga, mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ajenge asichoweza kukilinda. Akishakuwa na vingi, nitagusa kimoja tu."

"Na asipoacha kujenga? Akijenga mpaka juu ya kichwa chako?"

"Mtu hawezi kulinda vyote."

Alisema kwa upole, kama mimi ndiye mtoto. Nilitaka kumwambia kwamba ubao una zamu, ukimaliza yako mwenzako anangoja, na humu ndani hakuna anayengoja. Lakini nilimfikiria na dada yake, ambaye wakati ule alikuwa mjamzito, amevimba miguu, na mumewe anamkanda kila usiku huku akimwimbia nyimbo za matangazo ya sabuni. Ningesema mtoe, ningekuwa nasema mtoe dada yako. Nilikwenda kwa kinyozi nikamwambia yeye, maana mtu lazima aseme mahali.

Kinyozi alikuwa anamnyoa mtu, akasimamisha mashine. "Nimemwonya," akasema. "Ule mtindo una ugonjwa wake. Uzuri wake wote ni kugonga mapema. Ukimwacha mweupe atulie, wale askari hawawi nyumba tena. Wanatembea. Wanakuja kukukalia kifuani, na yule askofu wako dirishani anabaki kutazama migongo ya watu wako mwenyewe. Jembe la siku ya tatu ni adabu, dada. La mwaka wa tatu ni ugomvi."

"Alikujibuje?"

"Aliniuliza kama wembe ni mpya."

Mtoto akazaliwa, mzima, ana mdomo wa baba yake. Mkwe akazidi kuwa baba wa nyumba. Na muda si mrefu akajenga kile ambacho mwanangu alikuwa anakisubiri.

Alichukua kazi ya bucha kubwa sokoni, kuwajengea chumba cha baridi. Si friji, chumba kizima, mashine ya juu ya paa na mabomba kwenye kuta. Aliwapa mkono kabla hajamuuliza mwanangu, mwenye kazi. Alikuja mezani usiku huo anang'aa. "Shemeji, tukimaliza hii, mtaa mzima utatuita."

Mwanangu alimaliza kutafuna. Akanywa maji. Akasema, "Kazi hiyo sitaifanya mpaka tukae chini. Karakana irudi kama ilivyokuwa. Wewe tafuta mahali, nitakusaidia kutafuta. Na jina langu lirudi barabarani."

Hakupandisha sauti. Sijui kama niliona nafuu au hofu. Nikasema moyoni, ndiyo hiyo, amemwegeshea mlangoni. Mkwe kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Alimtazama shemeji yake kama mtu aliyeambiwa na kiti kwamba ainuke.

Aliyejibu ni binti yangu. "Kaka, ukimtoa yeye unanitoa mimi. Unajua hilo?"

"Sijasema utoke."

"Nitabaki humu na nani? Huyu mtoto nitamlea na friji?"

"Dada, mimi nimengoja."

"Nani alikwambia ungoje? Ungesema siku ile ile. Siku ile ungesema, tungekwenda. Sasa umeniacha nimepazoea."

Mkwe akasema basi, tuzungumze kiume, aitwe kinyozi. Ndiyo sababu walijifungia.

Sasa nilikuwa nimesimama na chai yangu ndani ya ua, giza limeshaingia, nautazama mwanga wa chini ya mlango. Ghafla friji ikanyamaza. Nikasogea. Nikasema, sasa nitasikia. Lakini hakuna aliyekuwa anaongea. Nilisikia chuma kikigusa sakafu, halafu spana, ile milio midogo ninayoijua kama ninavyojua kikohozi cha wanangu. Kisha chini ya mlango kukawa na mwanga wa buluu, moto wa kuchomelea mabomba. Nilishukuru. Nikajiambia, amerudi kazini, maana yake wamemaliza, amepata haki yake, na furaha yake ameimalizia mikononi kama kawaida yake. Nilikwenda kumwambia binti yangu, nikafika mlangoni kwake nikakosa jinsi ya kuitamka. Nikamwambia, "Wanachomelea."

Akamhamishia mtoto titi la pili.

Ilichukua muda mrefu. Kisha friji ikawaka tena, safari hii laini, kama paka aliyeshiba. Mlango ukafunguliwa kidogo, akatoka kinyozi peke yake. Alikuja jikoni akakaa kwenye kigoda, akaomba maji badala ya chai.

"Wamepatana?"

"Wamemaliza kuongea, dada. Kupatana ni kitu kingine."

"Nimesikia friji imepona. Mwanangu kaitengeneza."

Kinyozi akazungusha kikombe. "Si yeye."

Akanieleza polepole, anatazama sakafu. Mwanangu alisema neno lake vizuri, kwamba bila mikono yake hakuna chumba cha baridi, na bila chumba cha baridi mkwe ataaibika sokoni. Mkwe hakubisha. Hakumkatiza hata mara moja. Alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akainuka akaizima ile friji, akaigeuza, akachukua vifaa vya mwanangu palepale vilipo bila kuvitafuta. Akatafuta penye kuvuja. Akakata bomba, akachomelea, akavuta hewa, akaweka gesi. Hakuuliza kitu. Hakukosea kitu. Alipomaliza akaweka kiganja nyuma ya friji, akatulia, akasema, "Njoo kesho."

"Mwanao alimuuliza swali moja tu," kinyozi akasema. "Umejifunzia wapi?"

"Akajibuje?"

"Akasema, 'Hapahapa. Pale katikati nilipokaa, shemeji, nilikuwa nakuona vizuri sana.'"

Niliketi. Kinyozi akaendelea kwamba hakulisema kwa kejeli, na hilo ndilo lililokuwa baya, lilikuwa la heshima kabisa. Alimwambia mwanangu kwamba ndiye mwalimu wake na hana mwalimu mwingine. Akamwambia wafanye kazi ya bucha pamoja, na kona ya nyuma ni yake siku zote, hakuna atakayemgusa.

"Na mwanangu?"

"Alikuwa anatazama mikono ya mwenzake. Nimemwona akipoteza mchezo mara chache. Hukunja mkono, huweka mfalme chini kwa ubavu, husema asante. Leo hakuwa na mfalme wa kuweka chini." Akanywa maji yote. "Sasa dada, nyumba ni yako. Wote wawili wamesema watakubali neno lako. Mimi nimekuja kulichukua."

Mimi nilikuwa nimezoea kutazama. Kwenye ngazi za kinyozi hakuna aliyewahi kuniambia, haya mama, sogeza wewe. Nilitazama chumba cha binti yangu, pazia limeshikwa na mkono wake, anasikia yote. Nikatazama mlango wa karakana. Nikisema mwanangu abaki na mahali pake, mjukuu wangu asubuhi yuko barabarani amefungwa mgongoni. Nikisema mkwe abaki, nimemwambia kifungua mimba wangu kwamba sebule niliyompa nimempa mtu mwingine. Nilitafuta neno la tatu. Nikalitafuta kweli.

"Kinyozi, kaka yangu, mimi nitasema nini?"

"Sijui, dada. Ningejua ningekusemea."

Mkwe akatoka akaja akasimama mbali kidogo, mikono imechafuka, anaificha nyuma. "Mama, mimi sina neno," akasema. "Ukisema nitoke, natoka. Tutakwenda kwetu, watanipa chumba. Ni mbali, lakini tutakuwa tunakuja kukuona." Alisema kweli, yule kijana. Sura yake ilikuwa ya mtu anayesema kweli. Ningepata nafuu kama angekuwa mwongo.

Kisha mwanangu akavuka ua. Alikwenda bombani akanawa mikono, ingawa safari hii hakuwa ameshika kitu. Akanawa mpaka kwenye viwiko. Alipita karibu yangu akasimama, nikainua uso, nikajua ananijia na lake.

"Mama, usiseme kitu."

"Nisiseme?"

"Usiseme kitu. Nenda kalale."

Akaingia chumbani kwake. Nikasikia komeo likivutwa.

Kinyozi alisimama akashika kofia yake. Akanitazama kama anaomba ruhusa, akaondoka bila kuaga. Mkwe aliingia kwa mkewe, nikamsikia binti yangu akiuliza kitu, na jibu la chini, na kisha wote wakawa kimya kwa ajili ya mtoto.

Nilichukua kiti nikaketi nje ya mlango wa mwanangu.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Unafungasha?"

"Hapana."

"Unafikiri?"

Nilijaribu kusikiliza kama kuna nguo zinazokunjwa, kisanduku kinachovutwa. Hakukuwa na kitu. Nilimwambia kuna chai. Nilimwambia akitaka, viti vinaweza kurudi sebuleni, karakana ife, wote wakose, hapo hakuna mshindi. Nilipolisema nililiona lenyewe lilivyo la kijinga, nikaliacha. Nilimwambia dada yake hakuwa na nia mbaya. Akasema, "Najua." Hilo ndilo neno la mwisho nililopata.

Jambo ambalo sikuweza kuliuliza ni moja tu. Aliponiambia nisiseme kitu, je, alikuwa amekubali, au bado anangoja? Maana nimemjua mtoto huyu tangu akiwa kwenye kona anawatazama wenzake na mpira, na ninawaambieni, anayesubiri na aliyeshindwa wanakaa mkao mmoja. Mabega yale yale, kimya kile kile. Hata mama hawezi kutofautisha kwa kutazama, na mimi zaidi ya kutazama sina kingine.

Sikumbuki nililala saa ngapi. Niliamshwa na mlio wa mlango mpana wa barabarani ukisukumwa, nikadhani ni mwanangu, maana anayeufungua asubuhi siku zote ni yeye. Nikatoka mbio na kanga begani. Alikuwa mkwe. Alikuwa amevaa aproni safi, na vifaa vya friji amevipanga kwenye meza ya katikati, vyote, kwa mpangilio uleule wa mwanangu, kubwa kushoto, ndogo kulia. Aliponiona alisimama wima.

"Shikamoo mama. Nimemgongea shemeji, hajajibu. Wale wa friji wanakuja mapema, nikaona tusiwacheleweshe."

"Marahaba," nikasema.

Mteja alifika palepale, mwanamke mmoja na kijana wa kubeba. Aliigusa friji yake ndani, akaona barafu imeanza, akasema, "Bosi, Mungu akubariki." Mkwe akasema, "Si mimi peke yangu," akanyoosha mkono kuelekea kona ya nyuma, na kona ilikuwa tupu. Binti yangu akaleta chai akaiweka mezani kwa mumewe. Hakunitazama.

Nilirudi ndani mpaka kwenye mlango wa mwanangu. Niligonga kwa kifundo cha kidole, kama nilivyokuwa nagonga akiwa mwanafunzi amechelewa kuamka.

"Mwanangu, wameshafungua karakana."

Kitanda kililia mara moja, kama mtu amegeuka, au ameketi. Nilingoja miguu ishuke sakafuni. Huko mbele kompresa ya friji ya mtu mwingine iliwashwa, sauti ya mkwe ikapanda juu yake ikimkaribisha mteja wa pili. Niligonga tena. Nilishika kitasa, nikakizungusha, kikazunguka chote bila kizuizi, maana kinachoufunga mlango ule ni komeo, na komeo liko upande wake.